Dole gumba la kwenye simu si mkutano wa kijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililotokea kijijini kwetu huku Rungwe, kwa kuwa naamini hata vijiji vingine limefika au liko njiani.

Mwezi uliopita, kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, uliwekwa ujumbe kwamba amepatikana mtu anayetaka eneo la kulima parachichi. Eneo lenyewe ni bonde tunalochungia ng'ombe, chini ya mashamba ya chai. Mwisho wa ujumbe iliandikwa: asiye na pingamizi aweke dole gumba. Kufika jioni madole gumba yalikuwa yamejaa. Kesho yake tukatangaziwa kwamba wananchi wameridhia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kufundisha somo likiitwa Siasa, nikastaafu likiitwa Uraia na Maadili, na miaka yote hiyo nimewaeleza watoto kwamba mwenye kauli ya mwisho kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Haitaji kundi la simu mahali popote.

Nikavaa miwani nikapitia majina ya walioweka dole, moja baada ya jingine. Zaidi ya nusu yao wanaishi Dar es Salaam, Mbeya mjini na Tunduma. Ni watoto wetu. Baadhi nimewafundisha kusoma mimi mwenyewe, na bati za nyumba ya mganga wa zahanati wametuchangia wao, siwezi kuwadharau. Lakini ng'ombe wao hawanywi maji ya bonde lile. Na wale ambao ng'ombe wao wanayanywa, wengi wana simu za kitochi, au simu ya nyumba nzima iko mfukoni kwa baba.

Sisemi haya kwa kuichukia simu. Ninaitumia kila siku, na pensheni yangu naiangalia humo. Ninachosema ni kwamba kuna mambo watu hawawezi kuyajenga wasipokaa pamoja, na nitaeleza nimeyajuaje.

Mume wangu alifariki mwaka 2019. Simu yangu ililia mpaka ikazima. Poleni sana, poleni sana, na rambirambi zikaingia kwa M-Pesa, Mungu awabariki waliotuma. Lakini kabla hakujapambazuka, mvua yetu ya Rungwe ikinyesha, walifika kina mama wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana fedha. Mmoja alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine na kuni alizozifunika kwa nailoni zisilowe, wawili wakashika ndoo kwenda bombani bila kuuliza. Walilala kwenye mkeka na mimi siku nne. Tangu siku ile najua nikisikia neno kutoka kwa nani nisimame nalo.

Msiba wa Unyakyusa ulikuwa zaidi ya kuzika. Wanaume walikesha motoni nje, na pale motoni yalisemwa yasiyosemwa ofisini: fedha za barabara zimekwenda wapi, mpaka wa fulani umesogezwa na nani, kijana gani ana akili ya kuongoza kitongoji. Nikiwa mwalimu kijana niliwahi kuona mwenyekiti wa kitongoji akipatikana motoni miezi kadhaa kabla ya siku ya kura. Leo kijana anafika kaburini na bodaboda, anapiga picha, anaituma kwenye kundi, na kabla ya saa kumi ameshaondoka. Moto unabaki na wazee watatu. Hapo kijana huyo atamjuaje mgombea, kama si kwa picha na maneno ya kusambazwa?

Maneno ya kusambazwa tuliyaonja Oktoba 2024. Uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 11 hadi 20. Katikati ya siku hizo ukazunguka kwenye simu ujumbe usio na jina la mtu, kwamba mwenye kadi ya mpiga kura asijisumbue kujiandikisha tena. Haukuwa kweli. Kadi ile ni ya Daftari la Kudumu, la uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani. Orodha ya serikali za mitaa ni nyingine, na asiye kwenye orodha hiyo hachagui mwenyekiti wa kijiji wala wa kitongoji. Kwenye kundi watu walibishana siku mbili, wengine wakitukanana, na hakuna aliyebadilika.

Alhamisi tulikutana kikoba. Sanduku letu lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, kwa hiyo bila kukutana halifunguki. Kabla ya hisa, mwenyekiti wetu akauliza: nani ameshajiandikisha, anyooshe mkono. Mikono ilikuwa michache mno. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, mimi nina kadi, si wamesema yatosha?" Tukaeleweshana hapohapo, tukafunga sanduku, tukaenda wote shuleni kuandikishwa, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyetukanwa. Tarehe 27 Novemba wote walipiga kura, na sikuuliza wala sitauliza walimpa nani.

Nasikia vikoba vingine siku hizi vinafanya kila kitu kwa simu, hisa zinatumwa, mikopo inatumwa, watu hawaonani miezi. Kimoja cha jirani kilikufa hivyo: waliokopa walinyamaza tu, wakajitoa kwenye kundi. Ni rahisi kujitoa kwenye kundi kuliko kumkwepa mtu uliyeketi naye benchi moja kila Alhamisi. Sisi tuliamua fedha inaweza kupita kwenye simu, ila mwenye fedha lazima aje mwenyewe, na asiyekuja bila sababu analipa faini. Na siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa, kundi la kijiji lilikuwa kimya kama kisima kikavu, lakini sisi tulijuliana hali nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo nawaomba watendaji wa vijiji na wakurugenzi wa halmashauri za Nyanda za Juu Kusini, waandike maelekezo ya wazi: kundi la simu ni la kutangazia, kuamua ni kwenye mkutano. Tangazo la mkutano lisomwe kanisani na msikitini, lisemwe gulioni na hata kilabuni, ili mwenye kitochi naye alisikie. Mkutano wa kila miezi mitatu ufanyike kweli, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, muhtasari ubandikwe kwenye ubao. Kisha upigwe picha huo muhtasari na utumwe kwenye kundi, watoto wetu wa Dar es Salaam wasome na waulize.

Na kwa kijiji changu, naomba suala la bonde lirudishwe mkutanoni. Jirani yangu mwenye shamba linalopakana na eneo hilo ni mjane wa miaka sabini na kitu, hana simu ya namna yoyote. Nilimkuta juzi akikata majani ya ng'ombe palepale bondeni. Habari za parachichi alizisikia kwangu, siku kumi na moja baada ya wananchi kuridhia.

Mwalimu mstaafu,
Rungwe, Mbeya