Mwalimu mshauri asiahidi siri asiyoweza kuiweka

Kwa Mhariri,

Katika shule nyingi za Nairobi, mwanafunzi akiketi mbele ya mwalimu wa ushauri nasaha huambiwa kwanza, “Utakayoniambia yatabaki humu humu.” Ni maneno ya huruma, lakini ni ahadi ambayo sheria haimruhusu mwalimu kuitimiza. Wapo pia washauri waliokwenda upande wa pili: walichoambiwa saa mbili asubuhi, naibu wa mwalimu mkuu anacho kabla ya mapumziko ya saa nne. Shule ikipata msiba, lawama humwangukia mshauri kwa kunyamaza. Mzazi akilalamika, lawama humwangukia yeye yuyo kwa kusema. Sheria zenyewe hazigongani kiasi hicho, ila tu watu hawajazisoma pamoja.

Tuanze na ahadi. Sheria ya Ushahidi inalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Mwalimu mshauri hakupewa kinga hiyo, na mahakama inaweza kumwita atoe ushahidi. Kwa hivyo mipaka itajwe kabla mtoto hajafungua mdomo, kwa lugha anayoielewa: “Sitayatangaza tunayozungumza. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au mwenzako yumo hatarini, nitalazimika kumwambia mtu wa kusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani.” Anayedhani maneno haya yatawafukuza wanafunzi akumbuke kwamba mtoto aliyeahidiwa siri kisha akaona polisi getini hatarudi, na atawaonya wenzake.

Jambo lenye saa kali zaidi ni dhuluma ya kingono. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, unamtaka mwalimu mwenye habari au shaka ya msingi kuripoti ndani ya saa 24, na anayeficha huchukuliwa hatua za nidhamu. Saa hizo huanza kuhesabiwa pale shaka inapoingia, si pale ushahidi unapokamilika. Hapo ndipo shule nyingi hujikwaa: mwalimu mkuu huitisha “uchunguzi wa ndani”, mtoto akahojiwa na watu wanne katika vyumba vinne, wikendi ikapita, na Jumatatu mzazi akaitwa “tuelewane”. Hakuna kuelewana hapo. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamtaja mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia nafasi yake, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Kesi ya aina hiyo haizimwi na bodi ya shule, wala chifu, wala familia mbili zilizokaa chini ya mwembe.

Wakati uchunguzi wa ndani unaendelea, saa za hospitali nazo zinayoyoma. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu zake. Mtoto apelekwe hospitali kwanza. Asizuiwe eti fomu ya polisi ya P3 haijatoka kituoni, maana daktari anaweza kumtibu na kujaza fomu ya PRC, ile ya hospitali ya huduma baada ya kubakwa, bila hiyo P3. Asiogeshwe. Nguo zake zitiwe katika bahasha ya kaki au gazeti, kamwe zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu ulionaswa ndani huharibu ushahidi. Kituoni uliza dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nambari hiyo iandikwe kwenye faili siku hiyo hiyo. Ikiwa mshukiwa ndiye mwalimu mkuu, hakuna sheria inayosema ripoti ipitie kwake. Nenda polisi, kwa afisa wa watoto au kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti. Laini ya simu ya 116, ya kusaidia watoto, haitozwi chochote.

Kazi ya mshauri hapa si upelelezi. Sikiliza mara moja, uliza machache, andika. Mtoto akisema kwamba “alinishika huku”, andika “alinishika huku” na mkono ulielekea wapi, tarehe, saa, na nani alikuwepo. Ukiandika “alidhulumiwa kingono” umeandika hitimisho lako, na wakili wa mshtakiwa atakushukuru. Maswali yanayomtia mtoto jibu mdomoni, kama “Alikuvua nguo, sivyo?”, yameziharibu kesi ambazo zingesimama.

Ukeketaji una kanuni yake, na walimu wengi hawaijui. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011 inalifanya kuwa kosa kujua kwamba kitendo kimefanywa, kinafanywa au kinapangwa, kisha usiripoti. Msichana anayesema Oktoba kwamba atapelekwa ushago, kijijini kwao, Desemba kukeketwa amekwisha kukupa jukumu la kisheria.

Kuhusu mwanafunzi anayetaka kujitoa uhai, hofu ya zamani ilikuwa kwamba kuripoti ni kumpeleka jela. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa maana swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake hata akisema amepoa. Mpigie mzazi, isipokuwa mzazi ndiye chanzo cha hatari, na hapo mpigie afisa wa watoto. Mzazi aambiwe hatari ilivyo, dalili za kuangalia, vitu vya kuondoa nyumbani na hospitali ya kwenda. Jina la mpenzi wa mwanafunzi au alichosema kuhusu babake havimo katika orodha hiyo.

Kipimo hiki ndicho kinachokosekana zaidi: toa kinachohitajika kwa usalama, kwa anayehitaji, basi. Mwalimu wa darasa anatosha kujua kwamba mtoto ataondoka kipindi cha tatu kila Jumatano. Matroni wa bweni anahitaji kujua asiachwe peke yake usiku. Mwalimu mkuu anapaswa kujua kuna hatari na hatua gani imechukuliwa. Cheo hakimpi ruhusa ya kusoma daftari zima.

Hali ya HIV ni mfano mzuri, maana hapo serikali yenyewe ilikosea. Mwaka 2015 ilitolewa amri ya kukusanya orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri hiyo ilikiuka haki ya faragha katika ibara ya 31 ya Katiba na maslahi ya mtoto katika ibara ya 53. Kama amri kutoka juu kabisa haikupita, karatasi ya majina iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la matroni itapitaje?

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uzembe huu una bei. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Zilikuwa picha tu! Maelezo ya afya na ya familia sheria inayahesabu kuwa nyeti, na yakivuja kwa namna ya kuhatarisha mtu, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, ila kinaweza kumwondolea sharti hilo anayetoa huduma za ushauri au ulinzi wa mtoto *pekee*. Shule haitoi ushauri pekee. Isijifiche hapo. Iweke aya ya ushauri nasaha katika fomu ya kujiunga, mzazi atie sahihi mapema.

Kuvuja kwenyewe huanzia mahali padogo. Majina ya “wafuatao waende kwa mshauri” husomwa paredi mbele ya shule nzima. Maelezo huandikwa kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na walimu wote. Ujumbe wa mzazi hupigwa picha ukatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mshauri hupewa uhamisho na daftari likabaki kwenye droo. Dawa yake ni rahisi: rejista ya mahudhurio iwe na nambari badala ya majina, orodha ya nambari na majina ifungiwe kabati tofauti, na uhamisho ukija, makabidhiano yaandikwe na kutiwa sahihi. Shule inayoajiri mshauri kutoka nje imwombe cheti cha Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyoundwa na sheria ya 2014.

Lipo jambo moja ambalo mshauri hawezi kulirekebisha mwenyewe. Shule nyingi humweka katika kamati ya nidhamu, hivi kwamba mwanafunzi aliyemweleza kuhusu bangi siku ya Jumanne humkuta Alhamisi upande wa pili wa meza akiamua asimamishwe masomo wiki ngapi. Tunaiomba TSC itoe waraka unaomtenga mshauri na kamati hiyo, unaotaja nani anaweza kufungua faili zake na kwa idhini ya maandishi ya nani, na waraka huo uwafikie walimu wakuu kabla ya muhula ujao kufunguliwa.

Walimu washauri,
Nairobi