Barua ya malalamiko: Mabomba ya insulini ya U-40 ndani ya boksi za U-100

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Kusambaza Vifaa vya Tiba,
Mombasa.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: MABOMBA YA INSULINI YALIYOCHANGANYWA

Mlituletea boksi sita za mabomba ya insulini ya mililita 1. Zote zimeandikwa U-100 kwa nje. Boksi mbili tulipozifungua, mabomba yalikuwa na vifuniko vyekundu badala ya vya rangi ya chungwa, na ubavuni pameandikwa U-40.

Insulini tunayotoa hapa ina yuniti 100 kwa kila mililita, ndiyo maana ya U-100. Bomba la U-40 limegawanywa mistari 40 katika mililita hiyo hiyo, hivyo kila mstari wake hubeba yuniti 2.5 za insulini yetu. Mgonjwa aliyeandikiwa yuniti 12 akivuta mpaka mstari wa 12, anajidunga mililita 0.3, yaani yuniti 30. Sukari itamshuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kisha kuzirai. Ikimshuka usiku akiwa usingizini, huenda asiamke. Wagonjwa wetu wengi wa Kisauni na Kongowea hujidunga wenyewe nyumbani, na wazee hawasomi yale maandishi madogo. Wanaujua mstari wao tu, basi.

Kuhakikisha ni rahisi. Chukueni bomba moja la kila aina, vuteni maji mpaka 20 katika yote mawili, kisha yashikeni sambamba kwenye mwanga. Mpira wa pistoni ya U-100 utakuwa umefika moja ya tano ya bomba. Wa U-40 umeshafika nusu. Namba ni ile ile, dawa ni mara mbili na nusu.



Tunataka boksi za U-100 zilizokaguliwa ndani, si kwa lebo ya nje pekee. La haraka zaidi: wapigieni simu leo hii maduka ya dawa na zahanati zote zilizopewa bechi hiyo ya mabomba, wasimamishe kuyatoa, na wawatafute waliokwisha kuyachukua. Bodi ya Famasia na Sumu tunaiarifu kwa maandishi, pamoja na namba ya bechi na picha.

Boksi zenu tumezitenga stoo na kuzifunga kwa utepe. Tunamngoja dereva wenu.

Wenu,
Msimamizi wa Stoo ya Dawa