Kuhusu lile duka la begeli mtaani kwako

Mpenzi Zuhura,

Salamu zako zimefika, na maoni ya wateja uliyonitumia nimeyasoma yote. Usilikatie tamaa duka hilo. Wengi wanaolilaumu wanalaumu mambo ambayo ndiyo uzuri wenyewe wa begeli za New York, ile mikate ya duara yenye tundu katikati, na lawama nzito iko moja tu, tena watu wameipita haraka.

Anayesema "ngumu kutafuna" amelisifia duka bila kujua. Begeli hukandwa kwa unga wa ngano wenye protini nyingi, asilimia 13 hadi 14, na maji kidogo, kama gramu 550 kwa kilo ya unga. Zikishafinyangwa pete hulazwa kwenye friji usiku kucha, kisha asubuhi huchemshwa nusu dakika hadi dakika nzima kwenye maji yaliyotiwa shira ya kimea, ndipo ziingie kwenye oveni kali. Yale maji ya moto huivisha wanga wa juu, ngozi inakaza kabla begeli haijapata nafasi ya kuvimba. Ulalo wa baridi nao huacha malengelenge madogo madogo kwenye ngozi. Igeuze mkononi uyatafute, pamoja na mng'ao. Ukikuta imevimba, laini kama skonzi, tundu limekaribia kuziba, basi haikuchemshwa, imepigwa mvuke tu ndani ya oveni.

Lawama ninayoiogopa ni ya yule aliyeandika kwamba begeli zake zilikuwa bapa na zimenyong'onyea. Hiyo ni dalili ya donge lililoumuka kupita kiasi: likitiwa majini, hewa inatoka na halinyanyuki tena. Ikitokea siku moja, mwokaji amechelewa tu. Ikiwa kila Jumapili, hama duka.

"Zilikuwa kavu" isikusumbue mpaka ujue alikwenda saa ngapi. Begeli hubaki nzuri kwa muda wa saa tano au sita tu tangu itoke kwenye oveni. Nenda asubuhi, uombe za aina iliyotoka sasa hivi, na ubebe kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki mvuke wake wenyewe huilegeza ngozi. Zilizobaki zikate katikati, zifunge vizuri, uweke friza. Friji ya kawaida huzikausha upesi kuliko meza.

Yule aliyelalamika kutozwa zaidi "kwa sababu ya kisu" hakuibiwa. Ndiyo sheria ya jimbo la New York: begeli nzima ya kubeba haina kodi ya mauzo, ila ikikatwa au ikipakwa kitu inahesabiwa chakula kilichoandaliwa, na hapo mjini kodi ni asilimia 8.875. Kata nyumbani.

Samoni, yule samaki anayewekwa ndani ya begeli, aliyelaumiwa kuwa "chumvi tupu" pia ana maelezo. Loksi ya asili ni nyama ya tumbo la samoni iliyokaa kwenye chumvi bila moshi. Unayemtaka wewe ni nova, ambaye hutiwa chumvi kidogo kisha akafukizwa moshi baridi. Robo ratili, yaani kama gramu 113, inatosha begeli mbili. Jibini ya krimu waambie "kidogo", maana wao huipaka nyingi.

Sasa upande wa nyama, ambao najua ndio unaokuhangaisha. Neno "deli ya Kiyahudi", yaani duka la sandwichi na nyama za Kiyahudi, halina maana kwamba chakula ni kosheri, yaani kinachoruhusiwa na sheria za dini ya Kiyahudi. Katz's ya New York, iliyofunguliwa 1888, ni deli ya Kiyahudi maarufu kuliko zote na si kosheri. Kwenye kosheri nyama na maziwa havikutani, kwa hiyo ukiona sandwichi ya nyama yenye jibini kwenye orodha, umeshapata jibu. Tafuta cheti cha rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, ukutani, usome tarehe yake. Maduka mengi ya begeli huuza pia bekoni (nyama ya nguruwe) na mayai, na vyote hukaangwa kwenye bamba moja. Kama huna uhakika chukua ya samaki. Kosheri kwako inatosha au haitoshi, hilo ulipime mwenyewe na wanazuoni unaowaamini.

Pastrami, nyama ya ng'ombe ya deli, ikisemwa "ina mafuta", ndivyo inavyopaswa. Nyama hukaa wiki kadhaa kwenye maji ya chumvi na viungo, hupakwa pilipili manga na giligilani, hufukizwa moshi, halafu huvukizwa hadi ilegee. Ukiomba isiyo na mafuta utaletewa vipande vikavu, na utaungana na walalamikaji. Tazama inavyokatwa: iwe ya moto, kwa mkono, kukingama na nyuzi. Iliyokatwa na mashine ikiwa baridi kisha ikapashwa huwa kama mpira, na kwa zaidi ya dola 20 una haki ya kukataa.

Ukienda, agiza kwa pumzi moja: aina ya begeli, ichomwe au isichomwe, kitu gani ndani, kiasi gani. Foleni ya Jumapili haina subira, na wengi walioandika kwamba wauzaji ni wakali walifika mbele ya kaunta ndipo wakaanza kufikiri.

Niandikie ukishaonja.

Wako,
Mwanaidi