Kompyuta inagoma kufungua tovuti? Angalia saa kabla hujafomati

Wateja wetu wa desktop za mtumba hii inawahusu sana. Bando lipo, waifai imeshika, simu inafungua kila kitu, ila kwenye kompyuta kila tovuti unayogusa inakuja na alama nyekundu inakwambia sio salama na chini imeandikwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Wengine wananunua bando jingine, wengine wanaambiwa wafomati na mafaili yote yanaenda, inauma kweli maana shida ni tarehe tu.

Iko hivi, tovuti karibu zote sasa hivi zinatumia HTTPS, yaani kabla hujaongea nayo inatoa cheti cha kuthibitisha kuwa ni yenyewe na hicho cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, vile vya bure vya Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti hivyo) vimezoeleka kwa siku 90. Brauza inalinganisha na saa ya mashine yako, sasa kama mashine inaamini tuko 2015 basi cheti cha mwaka huu kwake bado hakijaanza, inakataa.

Saa inarudi nyuma kwa sababu ya betri ya kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani ya kompyuta), CR2032, ya duara, volti 3, ndiyo inayoshikilia saa umeme ukikatika. Ikiisha, unaweka tarehe sawa jioni, unachomoa waya, asubuhi umerudi kulekule.

Kwa haraka: weka tarehe kwa mkono kwanza, halafu ingia kwenye settings za saa chagua eneo la Nairobi UTC+03:00 (ndilo letu hata ukiwa Dar au Mwanza), washa saa ijiweke yenyewe. Hapo Windows inachukua muda kutoka kwenye seva kwa njia ya NTP, yaani utaratibu wa kompyuta kuulizia saa mtandaoni. Usiruke hiyo ya eneo jamani, watu wanaweka saa sahihi huku eneo limebaki la Marekani na kompyuta inapishana na dunia masaa kibao.

Ila kama saa iko sawa kabisa na onyo bado linakuja, hasa kwenye waifai ya bure, usilazimishe kuendelea na usiandike nywila ya benki hapo, inawezekana kuna mtu amekaa katikati yako na tovuti anachungulia unachoandika.

Betri tunabadilisha ukiwa umekaa hapohapo dukani na mafaili yako hatuyagusi. Laptop zinachukua muda zaidi, nyingine betri yake ina waya, inabidi tufungue kava lote la chini.