Shiru, Mama akitoka thieta usishtuke

Leeds, Jumapili usiku

Shiru mdogo wangu,

Habari za huko Umoja, watoto hawajambo? Mimi nimetoka shifti sasa hivi lakini nimeona nikuandikie kabla ya Alhamisi, maana ni wewe utakuwa na Mama akitolewa mfuko wa nyongo na hii ndio kazi yangu ya kila siku, kupokea watu wakitoka thieta.

Akitoka hawatamleta kwako moja kwa moja. Atakaa kwanza chumba cha kuamkia, nesi kando yake, anapimwa presha kila dakika chache, kidoleni kile kibanio cha kuangalia oksijeni, na mara nyingi ndugu hawaruhusiwi huko, kwa hivyo ukingoja nje saa moja au mbili usianze kupigia watu simu ukilia. Anaweza kutetemeka mpaka meno yagongane, ni baridi ya thieta na dawa za usingizi, watamfunika blanketi itapita. Koo litamuwasha juu ya ile paipu ya kupumulia, anaweza kutapika, anaweza kukuuliza kitu kimoja mara nyingi. Ni nusu kaputi inatoka mwilini.

Kuna pia bega. Hii opareshoni ya matundu madogo wanajaza tumbo gesi ndio waone vizuri, na ile inayobaki inachokoza msuli ulio chini ya mapafu halafu uchungu unasikika begani, sana sana la kulia. Watu hudhani ni moyo. Atembee pole pole, itaisha kwa siku chache. Lakini kifua kikimbana ama pumzi ikimkatika, usingoje, ita nesi.

Sasa shida yenyewe ni Mama. Unamjua, atasema "niko sawa tu" na ameshika shuka kwa ngumi mbili. Watamuuliza uchungu ni ngapi, sifuri hadi kumi, mwambie nimesema asiseme mbili kama ni saba, juu akivumilia hatavuta pumzi ndefu wala kukohoa, na mapafu yasipofunguka ndio nimonia inaingia. Akikohoa akumbatie mto tumboni. Tafadhali Shiru, ongea naye kesho, aseme mapema kabla uchungu haujazidi.

Akina mama wa chama waje Jumamosi, sio siku hiyo. Uji usimpatie mpaka nesi akubali. Na daktari akitoka muulize kama walilazimika kufungua tumbo lote, maana hapo siku za kulazwa zinaongezeka.

Nipigie hata kama ni usiku.

Dadako,
Wambo