Dakika tano kabla ya takbira

Tanga, Ijumaa baada ya alasiri

Somo yangu kipenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku hatujambo sote, alhamdulillahi. Bi Mkubwa anakusalimu sana, mguu umepoa, kidonda kimefunga. Mama Zuu keshahamia kwa mwanawe Pongwe, kaondoka na kuku wake wote. Mvua za vuli zimenyesha kidogo kidogo tu. Mengine tutaongea.

Nakuandikia kwa sababu ya ile sauti uliyonitumia Jumatano usiku. Nimeisikiliza mara tatu. Umesema unaswali zote tano, lakini ni kama mtu anayejaza fomu. Unatoa salamu hukumbuki umesoma sura gani. Halafu ukasema labda uache sunna kwanza mpaka moyo urudi, au ulipie ile programu ya kutafakari ya kila mwezi. Somo, usiache kitu na usilipie kitu. Haya si mambo ya kujibu kwa sauti ya dakika mbili, ndiyo maana nimekaa niandike.

Kwanza utulize roho. Nguzo na masharti yakitimia, swala imesihi na hudaiwi kuirudia kwa sababu tu mawazo yaliruka. Kinachopungua ni ujira. Ipo hadithi katika mkusanyo wa Abu Daud kwamba mtu huondoka kwenye swala yake na hakuandikiwa ila sehemu ya kumi, ya tisa, ya nane, mpaka nusu. Mtu wa sehemu ya kumi haambiwi aache. Anatafuta ya tisa.

Sasa lililo kubwa. Wewe unautafuta khushuu, huko kuwepo kwa moyo ndani ya swala, ukishasema Allahu akbar, na hapo umeshachelewa. Kilichokujaa kichwani dakika tano kabla ya takbira ndicho utakachosimama nacho mbele ya Mola wako. Ukitoka kwenye makundi ya WhatsApp ukaingia kwenye Fatiha, basi ile mizozo ya ukoo unaiswalisha pamoja nawe. Kumbuka ile khamisa ya Abu Jahm aliyoisimulia Bibi Aisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswali na nguo ile yenye michoro, macho yakaiangalia mara moja tu, na alipomaliza akaagiza irudishwe kwa mwenyewe, aletewe ile nzito isiyo na nakshi. Michoro ya nguo hiyo, na ni Mtume. Hakusema atajitahidi zaidi safari ijayo. Aliiondoa nguo. Basi na simu iondoke.

Najua utasema, "Simu ndiyo adhana yangu huku." Hapo ndipo nilipotaka tufike. Umeipa simu kazi nne za dini: inakuadhinia, inakuonyesha kibla, ndiyo msahafu, ndiyo tasbihi. Ndiyo maana huwezi kuiacha hata ukiwa juu ya mswala, na kila ukiifungua kwa ajili ya Mungu unakuta watu kumi na wawili wanakusubiri mlangoni. Ipokonye kazi hizo moja moja. Adhana: chukua ratiba ya karatasi ya msikiti wa karibu nawe, ibandike ndani ya mlango wa kabati lako kazini na nyingine jikoni. Msahafu: nunua mdogo wa kuingia mkobani. Tasbihi: vidole vyako, pingili kwa pingili, tatu kwa kila kidole, mikono miwili ni thelathini, na tatu za kuongeza, basi thelathini na tatu zimetimia.

Kibla nacho kina mambo yake. Sisi huku tumezoea kibla ni kaskazini, hata wazee wakitaka kusema kaskazini husema upande wa kibla. Hapo Leeds, Uingereza, ni kusini-mashariki, digrii 119 au 120 kutoka kaskazini. Dira ya simu hupotoka karibu na chuma: kitanda cha chuma, lile bomba la kupashia joto chini ya dirisha, hata kava ya simu yenye sumaku. Wiki hii ya tarehe 21 Desemba jua linachomoza kwenye digrii 132 hivi, kwa hiyo simama ulitazame linapotokeza, kisha geuka kushoto kidogo sana, hata upana wa ngumi mbili mkono ukiunyoosha hautimii. Likikosekana jua, na hapo hukosekana, subiri tarehe 28 Mei: saa 4:18 asubuhi kwa saa za huko za kiangazi, jua linakuwa juu ya Kaaba yenyewe, na ulitazamapo ndipo kibla. Tia alama sakafuni kwa kipande cha utepe, basi, hutaihitaji dira tena chumbani humo.

Turudi kwenye dakika tano. Ya kwanza, nenda chooni hata kama unaona unaweza kuvumilia, na kama chakula kimeshapakuliwa, kula. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim imekataza kuswali chakula kikiwa mbele au mtu akizuia haja mbili, kubwa na ndogo. Ya pili, udhu, na hapa usikimbie: fungua bomba kidogo. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani maji ya viganja viwili vilivyounganishwa vya mtu wa wastani, hata lita haifiki. Maji machache yanakulazimisha uangalie kiungo unachokiosha. Maji mengi yanakuacha uwaze zamu. Ya tatu na ya nne, kaa juu ya mswala usifanye chochote. Mikono mapajani. Mawazo yatakuja mbio, yaache yapite hapo, nje ya swala, ndipo mahali pake. Ya tano, chagua sura utakayosoma na ukumbuke maana yake. Hili watu hulisahau kabisa. Ukiingia bila kuchagua, ulimi unajichukulia Qul huwallahu kwa mazoea, na mazoea ndiyo yanayokulaza.

Ushauri wangu, wiki mbili hizi shika Li-iilaafi Quraysh. Aya nne. Safari za kusi na za kaskazi, za baridi na za joto, na Mola aliyewalisha wasione njaa na kuwapa amani wasiogope. Wewe uliyevuka bahari kwenda kulisha watu nyumbani, sura hiyo ni yako. Soma tafsiri yake ya Kiswahili mara moja kabla ya kuanza, kisha uone.

Ndani ya swala yenyewe, macho yasiondoke pa kusujudia. Fatiha isome kwa pumzi saba, aya moja pumzi moja, kwani hadithi ya kudsi, yenye maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, imetufundisha kwamba kila kipande mja anachosoma Mwenyezi Mungu anakijibu. Mwachie nafasi ya jibu. Na utulivu, somo, tuma'nina. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi ni nguzo, si pambo. Mwili utulie katika rukuu, katika itidali ya kusimama baada ya rukuu, katika sijda, katika kikao, angalau kadiri ya kusema subhanallah. Yule bwana aliyeambiwa na Mtume mara tatu "rudi ukaswali, kwani hukuswali" kosa lake lilikuwa hilohilo la haraka. Penye kuharibika zaidi ni itidali: watu huinuka kutoka rukuu wakaporomoka kwenye sijda kabla mgongo haujanyooka. Ukirekebisha hapo tu, swala nzima inapunguza mwendo. Na wasiwasi ukizidi, yule shetani wa swala ana jina, Khinzab; jikinge kwa Mwenyezi Mungu na uteme kidogo kushotoni mara tatu, si mate hasa, ni kupuliza.

Kazi yako sasa. Kwenye zamu ya saa kumi na mbili, kutoka saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, swala tatu hazina budi kuswaliwa humohumo. Jua linazama saa 9:47 alasiri Desemba hii, wakati huku magharibi mwaka mzima inahama kwa nusu saa na kitu tu. Si ajabu umevurugikiwa. Lakini tazama: alasiri ya Kishafi inaingia karibu na saa 7:30 mchana. Ratiba ya msikiti wenu itakuwa na alasiri mbili, au ile ya Kihanafi peke yake, inayokaribia saa 8. Wewe huhitaji kuisubiri hiyo ya pili. Omba mapumziko yaanze saa 7:10. Adhuhuri uiswali saa 7:20 mwishoni mwa wakati wake, kaa papo hapo na nyuradi zako, ikiingia alasiri unasimama. Kila moja imeswaliwa ndani ya wakati wake, na zile dakika tano za maandalizi zimetumika kwa swala mbili. Hiyo haina mzozo kwa mtu. Kuzijumuisha hasa, yaani kuziswali mbili katika wakati wa moja kwa ajili ya shida, bila safari, wapo waliolikubali jambo hilo kwa hadithi ya Ibn Abbas, na Imamu Nawawi ametaja kundi la wanazuoni, akiwemo al-Qaffal katika Mashafi wenzetu, walioruhusu kwa haja mradi isifanywe desturi. Ikikubana kweli, mweleze imamu wa hapo hali ya zamu yako. Usijipe fatwa mwenyewe saa ya uchovu.

Uliuliza pia kuhusu kuwaogesha wazee wanaume huko kazini. Kwa Kishafi kugusana ngozi kwa ngozi na asiye maharimu kunatangua udhu, lakini glavu ni kizuizi, udhu wako umebaki. Hata ukisafisha sehemu za siri za mgonjwa, ukiwa na glavu, umebaki. Linalokuharibia ni najisi kwenye sare. Kuvaa baibui safi juu ya sare iliyorushiwa mkojo hakusaidii, maana najisi umeibeba ndani ya swala. Vaa ile aproni ya plastiki kila mara, na weka sare ya pili kabatini.

Na hili la kunyanyua mguu kwenye sinki watu wakikutazama, dawa yake ni khofu, zile soksi ngumu unazozipaka maji badala ya kuosha miguu. Za ngozi, zifunike vifundo, zisipitishe maji, uweze kutembea nazo. Soksi za pamba kwetu hazifai. Zivae alfajiri baada ya udhu kamili, miguu yote miwili imeshaoshwa. Muda ni saa 24 kwa asiye safarini, na hauhesabiwi tangu kuvaa bali tangu udhu utakapotanguka mara ya kwanza. Ukitawadha kazini unalowesha mkono na kupaka juu ya khofu, kuanzia vidoleni kwenda juu. Kupaka chini peke yake hakutoshi. Ukizivua, muda umekatika. Kama ulikuwa na udhu, osha miguu tu.

Nikikuambia baridi ni neema usinikasirikie. Wema waliotangulia waliifurahia, usiku wake mrefu wa kusimama na mchana wake mfupi wa kufunga. Zile siku zako sita za kadha, deni la Ramadhani, kwa nini zikungoje mpaka Shaabani? Kutoka alfajiri mpaka jua kuzama hapo ni saa tisa na nusu hivi, huku kwetu tunafunga zaidi ya kumi na tatu. Lipa Jumatatu na Alhamisi, wiki tatu umemaliza.

Kurani usijipangie juzuu kwa siku kwa hali uliyonayo, utaacha siku ya nne. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukurasa mmoja baada ya alfajiri, mmoja baada ya isha, siku 302 umehitimu, na siku ya zamu nzito hukosi ukurasa mmoja. Usiku kabla ya kulala, daftari, mistari mitatu: swala ipi moyo ulikuwepo, ipi haukuwepo, na kitu gani kilitangulia katika zile dakika tano. Bwana Umar alisema tuzihesabu nafsi zetu kabla hatujahesabiwa. Baada ya wiki mbili daftari litakuonyesha mwizi wako ni nani. Wengi humkuta ni kitu kimoja tu, kinajirudia. Na lile jambo la shemeji, lisije likawa ndilo... basi, hilo tutalizungumza kwa mdomo.

Sasa nijibu, na uandike, usinitumie sauti. Hiyo alama ya kibla umeshaitia? Chumba unachoswalia kazini kina mlango wa kufunga, au watu wanapita? Meneja ulimwomba mapumziko kwa saa maalumu au unachukua yatakapoangukia? Ni swala ipi hasa inayokuwa kavu zaidi, ile ya kazini au isha ya nyumbani ukiwa umechoka? Maana kama ni isha, dawa yake nyingine. Khofu zinapatikana hapo? Mtoto wa Ma'alim anasafiri mwisho wa mwezi na mkobani ana nafasi. Nitampa kanga mbili na msahafu mdogo. Mguu wako bado ni saizi 38?

Wako,
Somo