Barua kwa mwanangu: maji yanayopaa Geneva

Geneva, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Hujambo mama? Mimi mzima, ila ile suti ya harusi ya mjomba wako imelowa chapachapa na sasa inaning'inia bafuni. Nitafika huko.

Mafunzo yaliisha Ijumaa na ndege yangu ni kesho, kwa hiyo nimepata siku mbili za kuzurura. Hoteli za hapa humpa mgeni tiketi ya bure ya mabasi na tramu, pamoja na viboti vyekundu na njano vinavyovusha watu ziwani. Kwa mtu ambaye kikombe kimoja cha kahawa kimemtoa faranga tano, tiketi hiyo ni neema ya pili baada yako. Nimepanda viboti hivyo kama mtoto aliyeachiwa baiskeli.

Ziwa lao wanaliita Léman. Ukiliweka karibu na letu utacheka: kilomita za mraba 580 tu, wakati Victoria ni 68,000 na ushee. Lakini usilidharau. Kwenda chini linafika mita 310, na letu halifiki hata mia. Ukisimama ukingoni unaziona kokoto za chini moja moja, na sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mji hutoka humo humo. Nilimweleza mwenzangu wa kozi habari za magugumaji yetu, akadhani ni mboga.

Mji wenyewe ni wa watu wenye nazo, ila hawapigi kelele. Maduka ya saa yamejipanga kando ya maji, na saa nyingine dirishani hazina bei. Aliyekulia Mwanza na kununua vitu Makoroboi anajua kitu kisichoandikwa bei kina maana gani, nikapita zangu. Ile saa yao ya maua bustanini nayo nimeiona. Nzuri, basi.

Kilichonishika ni bomba. Pale ziwa linapoishia mjini kuna bomba linalorusha maji juu mita 140, lita 500 kila sekunde, yakitoka mdomoni kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa. Siku ya kwanza nililiona kutoka kwenye basi nikasema haya ni mapambo ya matajiri. Kumbe ni mambo yetu ya zamu.

Mwaka 1886 walikuwa na mtambo wa maji kwenye mto Rhône, mahali panapoitwa Coulouvrenière. Nguvu ya mto iliendesha pampu, na pampu zikapeleka maji yenye presha kwenye karakana za mjini, mafundi wakaendeshea mashine zao. Sasa jioni kila fundi anafunga koki yake na kwenda nyumbani, hamwambii mtu. Wewe umekulia kwa fundi pampu, unajua kinachofuata: geji inapanda, na mtu wa zamu anatoka mbio kuzima pampu kabla bomba halijapasuka. Unakumbuka ile simu ya saa nane usiku, nikaondoka na kandambili za mama yako? Basi ni hivyo hivyo. Wakachoka kukimbia, wakaweka valvu ya kutolea presha. Maji ya ziada yakaruka juu kama mita 30, watu wakayapenda. Mwaka 1891 wakalihamishia ziwani, mbele ya mji, kwa uzuri tu. Hili la leo lina pampu zake lenyewe tangu 1951.

Nimekwenda kuuona mtambo ule wa zamani. Bado umesimama juu ya mto, ila siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Niliuzunguka mara mbili nikitafuta pa kuchungulia.

Jana mlima ulitoka. Siku zote za kozi Mont Blanc ulikuwa ndani ya mawingu, nikaanza kudhani wanatuuzia picha. Uko ng'ambo ya mpaka, Ufaransa, mita 4,800 hivi, na hausimami peke yake kama Kilimanjaro; umebanwa na ndugu zake kila upande. Maji ya barafu yake huja na mto Arve, meupe kama yaliyosuuziwa mchele. Upande wa chini wa mji mto huo unakutana na Rhône wenye maji ya kijani safi, na mito hiyo miwili inakwenda bega kwa bega kitambo, kila mmoja na rangi yake.

Leo ndiyo suti. Nilitoka kanisani nikatembea kwenye gati la mawe mpaka karibu na bomba, nitazame kazi ya watu. Upepo ukageuka. Sikupata hata nafasi ya kukimbia, mama. Watoto wa Kizungu walicheka mpaka nami nikacheka.

Upepo ukizidi huwa wanalifunga, na wanaolifunga na kulifungua ni wazee waliostaafu kazi za maji na umeme za mji huu. Nikiwa bado najikamua, wakalifunga. Maji yalikatika chini kwanza, na kile kipande cha juu kikaendelea kupanda peke yake, hakina kitu chini yake, kisha kikalala upande na kuanguka ziwani. Nilisubiri karibu saa nzima wafungue tena. Hawakufungua.

Chokoleti yako ipo. Mama yako mwambie suti ilinyeshewa. Si uongo kabisa.

Baba yako